Kabla ya Kupiga Hodi Ngomeni

Wahenga walinena: Mgeni njoo, mwenyeji apone. Maneno haya twayatumia sana hapa Mvita, ijapokuwa mara nyingi twasahau kwamba si kila mgeni amponyaye mwenyeji. Yuko mgeni aingiaye kwa hodi akaondoka kwa shukrani, nyumba ikabaki na baraka zake. Na yuko aingiaye kama upepo wa kusi, akiondoka mwenyeji hufunga milango akaanza kuhesabu vyombo. Makala yetu ya leo yahusu wageni wadogo, yaani wanafunzi wa skuli zetu, na nyumba moja kubwa ambayo huizuru kila mwaka: jumba la makumbusho la Ngomeni, Fort Jesus.

Apitaye Treasury Square asubuhi ya siku ya skuli, hasa muhula ukikaribia kwisha, hakosi kuwaona. Wamo wa Ganjoni waliokuja kwa miguu, wamo waliovuka kwa feri kutoka Likoni, na wamo walioteremka mabasi yaliyokesha njiani kutoka bara. Sare zimepigwa pasi, viatu vimeng'arishwa, chupa za maji zaning'inia mabegani. Nyuso zao zina furaha ya mtu aendaye harusini. Swali ni hili: watakapotoka mlangoni saa mbili baadaye, watakuwa wamepata nini?

Safari ya namna mbaya nimepata kuiona kwa macho, na si mara moja. Watoto mia na ushei waliingia kwa mkupuo mmoja, na walimu watatu nyuma yao. Neno lililosikika zaidi siku hiyo lilikuwa "usi": usiguse, usikimbie, usipande, usicheke. Waliokuwa mbele waliona vitu lakini hawakupewa nafasi ya kusimama. Waliokuwa nyuma hawakuona ila visogo vya wenzao. Haikupita nusu saa, baadhi yao wamekwisha kuipanda mizinga kama wapandao punda, na waliosalia wamejipanga foleni ya soda. Mtoto wa safari kama hiyo akirudi nyumbani, mamake humwuliza, "Haya mwanangu, umeona nini?" Naye hujibu, "Mizinga." "Na nini tena?" "Tumekunywa soda."

Mtoto huyo hana makosa. Alipelekwa pahala asipoambiwa ni pa nani, kutazama vitu asivyoambiwa ni vya nini, kisha akakemewa kwa kutojua. Na hasara yake si ya siku moja. Baada ya miaka ishirini mtoto huyo ndiye atakayekuwa diwani, fundi, au mwenye nyumba ya urithi pale Mji wa Kale. Ndiye atakayejiwa na mnunuzi wa mlango wa nakshi wa babu yake, akaulizwa bei. Kama siku ile alitoka Ngomeni na ladha ya soda peke yake, mlango huo atauza, tena kwa bei ya kuni.

NI NYUMBA YA NANI?

Tukitaka mtoto awe na adabu katika nyumba ya watu, kwanza tumwambie ni nyumba ya nani. Mtoto wa pwani hahitaji kuanzishiwa somo jipya la adabu za ugeni, kwani amezinyonya pamoja na maziwa. Ajua kupiga hodi na kungoja aambiwe karibu. Ajua kuvua viatu na kuwaamkia wakubwa. Ajua kwamba katika nyumba ya nyanya yake hafungui kabati asilofunguliwa. Adabu zote hizo huziacha nje ya lango la Ngomeni kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ndani mna wenyewe.

Na ni kweli kwamba Ngome yenyewe ina sura ya ugeni. Wareno walianza kuijenga mwaka wa 1593, kwa amri ya Mfalme Philip wa Pili wa Hispania aliyekuwa akitawala na Ureno, na ramani yake ikachorwa na Mtaliana, Giovanni Battista Cairati. Mwaka wa 1631 Yusuf bin Hassan, mwana wa mfalme wa Mombasa, aliwaua Wareno waliokuwamo akaitwaa. Wareno wakarudi. Kuanzia Machi 1696 Waomani waliizingira, wakaikamata Desemba 1698. Wamazrui waliishika hata mwaka wa 1837, ilipoingia mikononi mwa Seyyid Said. Mwaka wa 1875 manowari za Kiingereza ziliipiga mizinga ili kumtoa Muhammad bin Abdalla Bakashweini aliyeasi ndani yake. Kisha kuanzia mwaka wa 1895 Waingereza wakaifanya jela, na jela ikabaki hata mwaka wa 1958. Makumbusho yalifunguliwa mwaka wa 1960, kwa msaada wa fedha za Wakfu wa Gulbenkian wa Ureno, na Bwana James Kirkman, mchimbuzi wa magofu ya Gede, ndiye aliyeyasimamia. Mwaka wa 2011 UNESCO iliingiza Ngome katika orodha ya urithi wa dunia.

Historia hii ikisomwa juu juu, mtoto wa Ganjoni atadhani amekwenda kutazama mambo ya watu wengine. Wareno walijenga, Waomani wakatwaa, Waingereza wakafunga watu. Yeye yuko wapi? Yuko kila pembe. Mawe ya kuta zile ni matumbawe ya papa hapa, jamaa ya mawe yaliyojenga nyumba za Mji wa Kale. Vyungu na mitungi iliyomo kabatini imetoka Gede na Manda, katika miji iliyokuwa na watu wake, na misikiti yake, na visima vyake, kabla Mreno hajaijua njia ya kuja huku. Aliyekipika chakula katika chungu kile alikuwa mama wa Kiswahili akipulizia moto, na moshi ukimtoa machozi kama umtoavyo mama yeyote leo. Na waliofungwa jela Ngomeni hawakuwa watu wa kitabuni. Zimo nyumba katika kisiwa hiki ambamo mzee bado aweza kusema, "Babangu alilala mle."

Hilo ndilo la kumwambia mtoto kabla ya kumwambia asikimbie. Mwambie, "Twenda nyumbani kwa wazee wako. Wao hawapo, lakini vyombo vyao wameviacha, na sisi ndio tutakaowaamkia." Mtoto aliyeambiwa hivyo hutembea kwa namna nyingine. Hahitaji filimbi.

Jambo hili si letu peke yetu. Makumbusho ya Uganda yalifunguliwa mwaka wa 1908 katika kilima cha Old Kampala, na kwa kuwa mliwekwa humo hirizi na vyombo vya uganga, wenyeji waliyaita nyumba ya mayembe, wakayatazama kwa hofu. Baadaye, mwaka wa 1942, vitu vile vilihamishiwa Makerere, wakati huo chuo na sasa chuo kikuu, vikakaa pamoja na skuli ya sanaa ya Bibi Margaret Trowell, hata mwaka wa 1954 vilipopata jengo lao wenyewe kilima cha Kitante. Kilichokuwa cha kuogopwa kikawa cha kusomwa. Nyumba ni ile ile ya vitu vile vile. Kilichogeuka ni maneno ambayo mtu huambiwa kabla ya kuingia.

MWALIMU ATANGULIE

Mpishi hajui chumvi ya mchuzi asiouonja. Mwalimu naye asiwapeleke watoto pahala ambapo yeye mwenyewe hajapakanyaga tangu alipopelekwa akiwa mtoto. Na aende peke yake kwanza, siku ya mapumziko, bila haraka. Atazame mlango ni upana gani, watoto wangapi waweza kusimama katika chumba kimoja pasi na kusukumana, kivuli kiko wapi, vyoo viko wapi, na maji ya kunywa yapatikana wapi. Haya ni mambo madogo, lakini robo tatu ya utukutu wa safari hutokana nayo. Mtoto mwenye kiu, au aliyebanwa na haja ndogo, hata umsomee hadithi ya Sindbad hatasikia.

Akiwa kule azungumze na wenyeji wa nyumba. Makumbusho ya Taifa ya Kenya yana wafanyakazi ambao kazi yao ni elimu, na wanafunzi hutozwa kiingilio cha chini kuliko watu wazima. Lakini mwenyeji hawezi kukuandalia ikiwa hajui unakuja. Barua itangulie wiki kadhaa mbele, iseme siku, saa, idadi ya watoto, darasa lao, na jambo wanalosoma. Mwongozi aliyeambiwa kwamba watoto wanasoma habari za biashara ya bahari hatawachosha kwa habari za mizinga.

Siku nayo ichaguliwe kwa akili. Ua wa Ngome ni wazi, na jua la saa sita la Mombasa halina urafiki na kichwa cha mtu. Saa tatu asubuhi ni wakati mwema, na kufika saa tano na nusu watoto wawe wamekwisha kutoka. Siku ya Ijumaa iachwe, ama safari imalizwe mapema ili wanaokwenda msikitini wawahi. Mwezi wa Ramadhani pia uachwe, maana si insafu kumtembeza juani mtoto aliyefunga, huku mwenzake akinywa maji mbele yake.

Kisha hesabu ya watu. Darasa la watoto hamsini liende na wakubwa watano, kila mmoja na watoto wake kumi, na majina yao awe nayo mfukoni. Si lazima wote wawe walimu. Mzazi mmoja aliyekaa Mji wa Kale, au mzee mstaafu wa bandarini, aweza kuwa hazina kubwa kuliko kitabu. Lakini wote wakutane siku moja kabla, waambiwe kazi yao. Mkubwa asiyejua kazi yake huwa mtoto wa hamsini na moja.

UBAO WA KILA MTOTO

Sasa nije kwenye kiini cha maneno yangu. Wengi hudhani darasa lenye adabu ni darasa lililonyamaza. Mimi nimelelewa katika chuo cha Kurani, na naomba kusema kinyume chake.

Tulikuwa watoto zaidi ya thelathini katika ukumbi mmoja, juu ya mikeka. Huyu yuko kwenye alifu na be, yule yuko Amma, na wa tatu anakaribia kuhitimu. Kila mmoja alisoma lake kwa sauti, wakubwa wakiwashika wadogo, na apitaye nje alisikia mvumo kama wa mzinga wa nyuki. Mwalimu mmoja tu, tena mzee, aliketi na ukili wake akisuka. Hapakuwa na fujo. Kwa nini? Kwa sababu kila mtoto alikuwa na ubao wake, na juu ya ubao palikuwa na somo lake yeye, ambalo angeulizwa yeye kabla ya kwenda kwao. Bakora ilikuwapo, sikatai. Lakini bakora haikuweza kuwa juu ya migongo thelathini kwa wakati mmoja. Ubao uliweza.

Safari ya makumbusho yataka ubao wa kila mtoto. Simaanishi karatasi ndefu ya maswali arobaini, ambayo mtoto huijaza kwa kunakili vibandiko ukutani bila kuinua macho. Namaanisha jambo moja, lake, alilokabidhiwa siku moja kabla, ambalo wenzake hawatalijua mpaka yeye awaambie.

Tuchukue mfano wa yale makundi matano. Kundi la kwanza lipewe lango. Juu yake pana maandishi ya Kireno ya mwaka wa 1635, yaliyowekwa na kapteni Francisco de Seixas de Cabreira baada ya Wareno kurudi. Mmoja anakili tarehe, wa pili achora ngao, wa tatu apima kina cha ukuta kwa hatua zake. Kundi la pili lipewe michoro ya ukutani, waliyoichora mabaharia na askari wa Kireno kwa makaa na udongo mwekundu. Ni mambo ya watu waliokuwa mbali na kwao, wakichora meli na samaki na hata kinyonga. Mtoto apendaye kuchora ubao wake nyuma ya daftari atawaelewa watu hao mara moja.

Kundi la tatu lipewe vyungu na sahani. Watafute chungu kinachofanana na cha jikoni kwao, na kipande cha kauri kilichotoka Uchina, wajiulize kilifikaje. Kundi la nne lipewe meli ya Santo António de Tanna, iliyoletwa kuwaokoa Wareno waliozingirwa, ikazama mbele ya Ngome mwaka wa 1697. Ililala chini ya maji karibu miaka 280, hata wapiga mbizi na wataalamu wakaichimbua kuanzia mwaka wa 1977 hadi mwaka wa 1980. Vyombo vya mabaharia wake vimo Ngomeni. Mtoto mmoja atafute chombo cha kulia, wa pili cha vita, wa tatu cha kazi ya meli.

Kundi la tano lipewe ukumbi wa Wamazrui, ambao una maandishi ya Kiarabu yaliyochongwa. Hapo ndipo nilipoona safari ya namna njema. Mwalimu wa darasa alikuwa kijana kutoka bara, mtu mwungwana, naye alisimama mbele ya maandishi yale akasema wazi kwamba hawezi kuyasoma. Akauliza kama yuko awezaye. Mtoto mmoja mwembamba, ambaye nadhani darasani hakuwa mtu wa kuinua mkono, akajongea. Hakugusa. Alinyosha kidole hewani, akaanza kufuata herufi moja moja kama alivyozoea chuoni kwao, akakwama, akarudi, akaendelea. Wenzake walinyamaza kimya ambacho filimbi haijapata kukileta. Alipomaliza, mwalimu akamwambia, "Ahsante, mwalimu wangu." Yule mtoto alirudi mahala pake akiwa mrefu zaidi.

Mwalimu yule hakupoteza heshima yake kwa kukiri asilolijua. Aliipata. Naye mtoto alijua ya kwamba elimu ya mkekani na elimu ya dawatini zaweza kukutana katika chumba kimoja, na kwamba chumba hicho ni chake.

JICHO NA MKONO

Lililobaki ni mkono. Kila safari huanza na "usiguse", na kila mtoto hutaka kugusa kwa sababu hakuambiwa kwa nini. Mpeni sababu. Mkono wa mtu, hata ulionawa, una jasho na mafuta na chumvi. Shaba hufanya doa palipoguswa. Mbao hunywa mafuta, ikafanya weusi. Chokaa ya ukutani humomonyoka chembe baada ya chembe. Mkono mmoja si kitu. Lakini mikono ya skuli zote za pwani, mwaka baada ya mwaka, ni kama tupa.

Na kama sababu hiyo ya kitaalamu haikumwingia, mkumbusheni zidaka. Katika nyumba zetu za kale, kuta za ndani zilikuwa na zidaka, zikapangwa sahani na bakuli za thamani zilizotoka ng'ambo. Watoto walicheza, wakakua, wakaoa mbele ya sahani zile, na hazikuvunjwa, maana kila mtoto alijua kwamba hizo ni za kutazamwa na sahani za kulia ziko jikoni. Makabati ya vioo ya Ngomeni ni zidaka za mji mzima.

Hata hivyo tusiufunge mkono moja kwa moja. Kule Kampala, Klaus Wachsmann, mtaalamu wa muziki mzaliwa wa Ujerumani aliyeyasimamia makumbusho ya Uganda baada ya Bibi Trowell, hakutaka ngoma na vinubi vikae bubu ndani ya kabati. Alitaka wapigaji waje wavipige, watu wasikie. Nasi mwalimu aweza kufanya vivyo hivyo kwa njia yake. Siku moja kabla ya safari alete darasani mbuzi ya kukunia nazi, chetezo cha kufukizia ubani, kifumbu cha kukamulia tui, na kipande cha jiwe la matumbawe. Watoto washike, wanuse, wapime uzito. Mkono ulioshiba nyumbani hauna njaa ugenini.

NJIANI KUTOKA GANJONI

Walimu wa Ganjoni wana bahati ambayo wenzao wa bara hawana. Ngome iko umbali wa kutembea, na safari ya miguu ni somo lenyewe. Lakini njia hiyo inazo barabara kubwa za kuvuka, zenye magari na tuktuk na mikokoteni, na dereva wa Mombasa hana habari na foleni ya watoto. Mkubwa mmoja atangulie, mmoja awe wa mwisho, na wengine wawe upande wa magari. Watoto watembee wawili wawili, kila mmoja akijua mwenzake ni nani. Pahala pa kuvukia pachaguliwe siku ile mwalimu alipotangulia peke yake, pasichaguliwe na watoto hamsini wamesimama ukingoni.

Na kabla ya safari kubwa, ifanywe ndogo ya mazoezi. Pale Mbaraki, jirani na Ganjoni, uko mnara wa kale wa mawe ya matumbawe, kando ya gofu la msikiti. Watoto wengi hupita karibu nao kila siku bila kuuliza habari zake. Wapelekeni pale kwa saa moja, wajifunze kusimama kwa nusu duara, warefu nyuma na wafupi mbele. Wajifunze kumsikiliza mwenye kusema, na kuuliza kwa zamu. Atakayekosea akosee pale, penye nafasi, na si ndani ya chumba chenye kauri ya miaka mia tano.

WAKUBWA NAO

Tumesema sana juu ya watoto. Tuwageukie na wazazi wao na walimu wao. Mtoto hatii linalosemwa, hutii linalotendwa. Mwalimu anayesimama nyuma akizungumza kwa simu wakati mwongozi anasema, amekwisha kuwafundisha wanafunzi wake kwamba maneno yale hayana maana. Mzazi anayeegemea ukuta wenye nakshi ili apigwe picha, ameivunja amri ambayo mtoto wake ameshika tangu asubuhi.

Wenyeji wa nyumba nao wana sehemu yao. Askari wa mlangoni amwambiaye mtoto "karibuni" amefanya kazi ya walimu wawili. Akiwapokea kama wezi, watoto nao watatafuta cha kuiba, walau kwa mchezo.

Na mtoto mtukutu, maana hakosekani? Asitukanwe mbele ya wenzake, wala asirudishwe kukaa ndani ya basi kama mfungwa. Ngome hiyo imekwisha kuona wafungwa wa kutosha. Apewe kazi ya kubeba. Abebe daftari la majina, au awe mwenye kuhesabu wenzake kila wanapotoka chumba hadi chumba. Mara nyingi mtukutu ni mtoto mwenye nguvu ambazo hazijapewa mzigo.

WAKIRUDI

Safari haikwishi kwenye lango. Siku ya pili, kila mtoto asimame aeleze kile kimoja alichokabidhiwa, na darasa zima limsikilize, maana hakuna mwingine aliyekitazama kama yeye. Kisha waandike barua ya shukrani kwa wenyeji wa Ngome, na ndani yake waulize lile ambalo hawakulipatia jibu. Jioni, kila mmoja amwulize mzee wa nyumbani jambo moja: "Na wewe waijuaje Ngome?" Wataona jinsi baraza zitakavyofunguka. Huyu alikwenda kuvua samaki chini ya kuta zake, yule alimpelekea ndugu yake chakula jela, na wa tatu hajaingia maisha yake yote, naye aishi hatua mia tatu kutoka langoni. Kwa huyo wa tatu, mtoto ndiye atakayekuwa mwongozi.

Kwa walimu watakaopenda watoto wao wawe na maneno ya kukariri asubuhi ya safari, kabla ya kutoka uwanjani, nawatungia haya mawili. Yaimbwe kwa mahadhi yoyote wayapendayo:

Wana wangu wa chuoni, leo tunayo safari,
Tukifika mlangoni, hodi tupige vizuri,
Tusikimbie ndiani, motokaa ni hatari,
Cha wazee tukitunze, kiwafae na wajao.

Mikono iwe nyumani, macho yashike habari,
Kilichomo kabatini, ni cha tangu na dahari,
Lisokaa akilini, uliza bila kiburi,
Cha wazee tukitunze, kiwafae na wajao.

Walimu wa Ganjoni na wa kisiwa kizima, muhula uko mbele yenu na Ngome haijahama. Andikeni barua, mwende mkaionje njia, na kila mtoto mpeni ubao wake. Mamake akimwuliza jioni ameona nini, na ampe jibu refu kuliko soda.